Nidhamu ya askari huanzia kwa kamanda wake: mwongozo wa kuongoza platuni hatua kwa hatua

Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964, askari wa batalioni ya kwanza ya Tanganyika Rifles katika kambi ya Colito, nje kidogo ya Dar es Salaam, waliwakamata maafisa wao, wakawafungia, kisha wakaingia mjini. Batalioni ya pili kule Tabora ikafuata, na ndani ya siku chache kambi za Jinja, Uganda, na Lanet, Kenya, nako kukachafuka. Madai yao yalijulikana: mshahara, na Waingereza walioendelea kushika vyeo vingi vya juu miaka miwili baada ya uhuru. Tarehe 25 Januari ilibidi makomandoo wa Kiingereza waitwe kuwapokonya silaha askari wa serikali ileile iliyowaita. Jeshi lile likavunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, JWTZ.

Askari wale walikuwa na kwata safi waliyoirithi kutoka King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza. Walijua kusimama mguu sawa juani bila kuyumba, na buti zao ziling'aa. Mgeni aliyewaona kwenye gwaride angesema nidhamu ipo. Walichokosa ni kiongozi ambaye wangeweza kumfikishia neno lao na kuamini kwamba limefika. Ndiyo maana katika mwongozo huu tunarudi mara kwa mara kwenye kazi ndogondogo za kamanda za kila siku: daftari, chakula, likizo, ukaguzi, jibu la swali. Huko ndiko nidhamu inakojengwa au kubomolewa, muda mrefu kabla ya mtu yeyote kukaidi amri.

Tunamwandikia mtu anayekabidhiwa askari kwa mara ya kwanza: Luteni Usu aliyetoka chuo cha maafisa cha Monduli, koplo aliyepewa seksheni, sajenti anayeanza kuwa msaidizi wa kamanda wa platuni. Hesabu zetu ni za platuni ya kawaida ya askari 30 hivi, yenye seksheni tatu za watu wanane hadi kumi. Anayeongoza kombania ya watu zaidi ya 100 afuate kanuni hizihizi, ila akumbuke kwamba yeye hufanya kazi kwa mikono ya makamanda wake wa platuni, kwa hiyo wa kwanza kuwakagua ni hao.

Kabla ya gwaride la kwanza

Omba siku mbili za makabidhiano, na usikubali kupewa nusu saa. Pokea orodha ya askari kwa namba, cheo na jina. Orodha ya silaha kwa namba zake. Kumbukumbu za likizo za mwaka mzima. Orodha ya wagonjwa na wenye kazi nyepesi kwa amri ya daktari. Na mashauri ya nidhamu ambayo hayajaisha. Kisha nenda ghalani na orodha mkononi, usome namba kwenye chuma chenyewe. Bunduki moja moja, darubini moja moja, redio moja moja na betri zake.

Kosa la maafisa wapya ni kutia saini kitu ambacho hawajakiona, kwa kuwa aliyewatangulia ana haraka ya kuondoka na ni mtu wa heshima. Miezi mitatu baadaye darubini haionekani. Sasa kamanda anatafuta wa kumbebesha mzigo, na askari wote wanajua kwamba haikuwepo tangu mwanzo. Hapo heshima yake imekwisha, na hakuna gwaride litakalomrudishia.

Orodha ya likizo isome kwa makini kuliko zote. Ukimkuta askari mwenye miezi 16 bila kwenda nyumbani na mwenzake aliyekwenda mara tatu, umeshajua sehemu ya kwanza inayouma.

Sajenti wako

Kaa naye siku ya kwanza, mlango umefungwa, mgawane kazi kwa maneno yaliyo wazi. Kwa kawaida afisa anabeba mpango, mafunzo, maamuzi na mawasiliano na kombania. Sajenti anabeba utaratibu wa kila siku: zamu, usafi wa hanga, yaani bweni la askari, mgao wa chakula, vifaa, na kuwalea makoplo. Mkikubaliana hivyo, usiingie kwenye kazi yake bila kumwambia.

Mambo mawili huharibu uhusiano huu haraka. La kwanza ni kumkaripia sajenti mbele ya askari wa kawaida. Hata kama amekosea, sema "Sajenti, tuonane baada ya gwaride," kisha umalizie ofisini. Ukimvunja mbele ya watu 30, kesho atakapotoa amri watamtazama usoni kwanza kabla ya kutii. La pili ni kumruka: askari anakuja kwako kuomba ruhusa aliyonyimwa na sajenti, nawe unampa kwa sababu hukuuliza. Jibu la kila ombi la namna hiyo ni swali moja: "Sajenti wako amesemaje?"

Sajenti naye ana haki ya kukupinga, faraghani, kabla uamuzi haujatoka. Mwambie hivyo mapema. Afisa wa miaka 24 mwenye sajenti wa miaka 15 kazini akikataa kusikilizwa naye, anajinyima mwalimu aliyelipiwa na serikali.

Sheria chache, na wewe wa kwanza kuzishika

Usianze na kurasa nne za makatazo. Chagua mambo matano au sita ambayo hayana mjadala, yasomwe kwenye gwaride, yabandikwe hangani. Yanayofaa karibu kila mahali ni haya: muda, usalama wa silaha, usafi wa mwili na vifaa, ukweli kwenye ripoti, mwenendo mbele ya raia, na pombe. Kila moja iwe na kipimo. "Uwahi" haina kipimo. "Gwaride saa 12:30 asubuhi, seksheni zimejipanga saa 12:25, koplo ameshahesabu" ina kipimo.

Wewe ufike saa 12:20. Kwenye mchakamchaka ukimbie mbele au mwisho kabisa na wanaochoka, usisimame kando na saa mkononi. Ukikataza simu kwenye mafunzo, yako ibaki ofisini. Askari humsoma kamanda kuanzia kwenye buti kwenda juu, na huanza kumsoma siku ya kwanza. Akiona kamanda anachelewa dakika kumi kila Jumatatu, ataelewa kwamba muda unawahusu wenye vyeo vya chini tu, na sheria nyingine zote atazipima kwa mizani hiyo.

Ukaguzi unaofundisha

Hapa tukae kidogo, maana ukaguzi ndio mkutano wa kila siku kati ya kamanda na kila askari wake, na wengi huufanya kama ibada isiyo na maana.

Fanya hesabu kwanza. Askari 30, sekunde 40 kila mmoja, ni dakika 20. Katika sekunde 40 huwezi kukagua kila kitu, kwa hiyo gawa wiki: Jumatatu silaha, Jumanne miguu na buti, Jumatano vifaa vya kubeba, Alhamisi hanga na vitanda, Ijumaa karatasi na vitambulisho. Kila siku kitu kimoja kikaguliwe kikweli, mengine kwa jicho tu. Siku ya silaha, usiangalie kitako kinavyong'aa. Kwenye SMG, yaani bunduki ya aina ya AK, angalia kichwa cha pistoni ya gesi, ambako masizi hugandia. Chemba, kwa kitambaa cheupe kilichoviringwa kidoleni. Na midomo ya magazini, ambayo ikipinda risasi hukwama. Bonyeza kilishio cha magazini kwa kidole gumba, usikie kama springi inarudi kwa nguvu. Askari anayeona kamanda anajua pa kutia kidole hasafishi tena nje tu.

Siku ya miguu waache wavue buti na soksi, wakae chini. Tazama visigino, kati ya vidole, na kucha. Malengelenge, fangasi na kucha zilizochimba nyama humwangusha askari kilomita ya nane, na wenzake ndio watakaobeba mzigo wake. Uliza soksi ana jozi ngapi. Chini ya tatu ni tatizo la kamanda pia, si lake peke yake. Kwenye matembezi marefu weka mwendo wa dakika 50 na mapumziko ya dakika 10, na kwenye mapumziko ya kwanza kabisa waambie wakaze au walegeze kamba za buti, kwa kuwa mguu ukishapata moto huvimba kidogo.

Kosa unaloliona leo litaje leo, lipe muda wa kurekebishwa, kisha urudi kulitazama. Ukisahau kurudi, askari amejifunza kwamba maneno yako hayana siku ya pili. Daftari dogo la mfukoni ni silaha ya kamanda: jina, kosa, siku ya kurudi kukagua. Kilichorekebishwa kipigie mstari mbele ya askari mwenyewe, naye akione.

Kutoa amri

Amri ya kwata ina sehemu mbili, na mapumziko kati yake ndiyo kazi yote: "Nyumaaa..." humwandaa askari, kisha kimya kifupi, ndipo "geuka!" Ukiziunganisha, nusu ya platuni itageuka kabla na nusu baada, nawe utawakaripia kwa kosa la sauti yako mwenyewe. Tatizo hilihili huja kwenye amri kubwa. Askari aliyeshtukizwa hatekelezi vizuri, na kamanda humwita mkaidi.

Kwa kazi ya nje ya kambi tumia mpangilio wa vichwa vitano unaotumika kwenye majeshi mengi: hali ilivyo; kazi yenyewe katika sentensi moja; namna ya kuitekeleza; chakula, maji, risasi na matibabu; na mwisho nani anaamuru na mawasiliano yakoje. Sentensi ya kazi isomwe mara mbili, ikiwa na "ili" ndani yake: "Seksheni ya pili italinda daraja mpaka saa 11 alfajiri, ili magari ya kombania yapite." Askari akijua sababu, mambo yakibadilika na wewe haupo atafanya kinachofaa. Asipoijua atasimama kwenye daraja lililokwisha vunjika.

Ukimaliza usiulize "Mmeelewa?" Jibu litakuwa "Ndiyo afande!" hata kama hakuna aliyeelewa. Mwite askari mmoja wa nyuma aeleze kazi kwa maneno yake, na mwingine aseme afanye nini redio ikikatika. Na ugawe muda kwa haki: ukiwa na saa sita kabla ya kuondoka, tumia mbili kwa mipango yako na uwaachie wao nne. Kamanda anayetumia saa tano kuandika na kuwapa askari saa moja kujiandaa ndiye anayezalisha risasi zilizosahaulika na chupa zisizo na maji, kisha anaita hilo utovu wa nidhamu.

Chakula, mshahara, likizo

Kula mwisho. Simama mwanzo wa mstari kwenye bwalo au mkiwa nje ya kambi, uone sahani za askari kumi wa kwanza na kumi wa mwisho. Kama nyama ya mwanzo ni vipande vitatu na ya mwisho ni mchuzi, mgao una kasoro, na askari wanaijua kwa jina la mpishi. Mara moja kwa wiki linganisha kilichotoka stoo na kilichoingia jikoni, kwa mizani. Wizi wa chakula cha askari ni jambo dogo kwenye karatasi na kubwa sana tumboni. Hatujaona kitu kinachoua utii haraka kama chakula kinachopungua huku wakubwa wakinenepa.

Mshahara huupangi wewe. Lakini makato yasiyoeleweka, posho iliyochelewa, jina lililoandikwa vibaya na kupandishwa cheo kulikokwama mezani ni kazi yako kufuatilia. Siku ya tano baada ya mshahara kutoka, waulize makoplo kama kuna aliyekosa. Andika, peleka kwa mhasibu, mrudie askari na jibu. Likizo iwe na orodha inayoonekana na wote, kwa zamu, na anayerushwa aelezwe sababu.

Malalamiko lazima yawe na njia

Tarehe 5 Julai 1960, siku tano baada ya uhuru wa Kongo, Jenerali Émile Janssens, Mbelgiji aliyeongoza Force Publique, jeshi la Kongo, aliwakusanya askari wake Léopoldville (Kinshasa ya leo) na kuandika ubaoni kwamba "kabla ya uhuru" ni sawasawa na "baada ya uhuru". Wakati huo jeshi lile halikuwa na afisa Mkongo hata mmoja. Uasi ulianza siku hiyohiyo, ukasambaa Thysville na kwingineko, na nchi ikaingia kwenye machafuko yaliyodumu miaka. Jenerali yule aliamini kwamba anaimarisha nidhamu. Aliwaambia watu wenye lalamiko kwamba mlango umefungwa, nao wakautafuta mwingine.

Njia ya malalamiko ipange hivi. Askari anaanza kwa koplo wake, kisha sajenti, kisha kamanda wa platuni, kisha kombania, kisha mkuu wa kikosi. Kila ngazi ina saa 48 za kujibu, hata kama jibu ni "bado nafuatilia". Zikipita bila jibu, askari ana ruhusa ya kupanda ngazi moja, kwa kumjulisha aliyemruka. Lalamiko dhidi ya mkubwa wake mwenyewe, hasa la kupigwa, kuombwa rushwa au kusumbuliwa kimapenzi, halilazimiki kupita kwake. Mtaje kwa jina afisa ambaye atalipokea. Askari wa kike waambiwe hili bila kuzungukazunguka, na wajue ni mlango upi wa kugonga.

Fanya baraza kila wiki mbili, dakika 30, watu wameketi. Anza kwa kusoma majibu ya baraza lililopita kabla ya kupokea mapya. Baraza linalokusanya maswali tu bila kurudisha majibu ni baya kuliko kutokuwa na baraza, maana linawafundisha askari kwamba kusema ni bure. Mara mbili za kwanza hakuna atakayesema la maana. Mara ya tatu mmoja atauliza kuhusu bomba la maji. Lishughulikie bomba hilo kwa bidii yote, kwa sababu wengine 29 wanangoja kuona mwenzao atafanywa nini.

Na jibu linaweza kuwa hapana. Askari huvumilia hapana yenye sababu. Anachoshindwa kukivumilia ni kimya.

Adhabu

Kabla ya adhabu yoyote jiulize mambo matatu: alijua? aliweza? alikusudia? Asiyejua hufundishwa. Asiyeweza husaidiwa au hubadilishiwa kazi. Anayejua, anayeweza na akakataa, huyo ndiye wa kuadhibiwa. Sehemu kubwa ya makosa ya platuni yataishia kwenye maswali mawili ya kwanza.

Marekebisho ya papo kwa papo yafanane na kosa. Aliyechelewa kwenye gwaride aje dakika 30 mapema kwa siku tatu, na koplo awepo kumpokea. Mwenye bunduki chafu aisafishe mbele ya sajenti baada ya kazi, kisha amfundishe kuruta namna ya kuifungua. Aliyepoteza kifaa aandike maelezo. Fatiki ya kufyeka nyasi ina mahali pake, ila ukiitumia kwa kila kosa, usafi wa kambi utageuka alama ya aibu na hakuna atakayeufanya kwa moyo.

Kuhusu adhabu za mwili tunasema bila kupunguza neno: zimelemaza na kuua vijana wengi wenye afya. Kichurachura cha mamia, hasa kwa aliyetoka likizo au kuumwa, huvunja misuli ya mapaja. Sumu yake huingia kwenye damu na kuziba figo. Dalili ni maumivu makali yasiyopungua, miguu kuvimba, na mkojo wa rangi ya chai ya rangi au kahawia. Huyo aende hospitali saa hiyohiyo, asiambiwe ajikaze. Adhabu ya kukimbia na mzigo saa saba mchana huleta kiharusi cha joto: mtu anayumba, anaongea ovyo, ngozi inawaka, anaanguka. Mvue nguo nzito, mmwagie maji mengi na kumpepea hapohapo, apoe kabla ya kuanza safari ya zahanati na njiani muendelee kumpoza. Kwenye joto kali na kazi ngumu askari anywe takriban robo tatu ya lita hadi lita moja kwa saa, kidogokidogo, na isifike lita moja na nusu, kwa sababu maji mengi kupita kiasi nayo huua kwa kupunguza chumvi mwilini. Anayemnyima askari maji kama adhabu anahatarisha uhai wa askari huyo, awe na cheo gani.

Adhabu ya pamoja, ambapo mmoja amekosa na platuni nzima inabiringita matopeni, inapendwa kwa sababu ni rahisi. Matokeo yake ni kwamba wasio na hatia hujifunza kuwa kutii hakuwalindi, na mkosaji hupigwa usiku hangani. Baada ya hapo makosa hayakomi, hufichwa. Itumie pale tu ambapo kosa ni la wote kweli, kama hanga zima kuachwa chafu.

Kosa kubwa zaidi linakwenda kwenye shauri rasmi, na hapo sheria inakufunga hata wewe. Tanzania mamlaka ya kuadhibu yanatoka kwenye Sheria ya Ulinzi wa Taifa ya mwaka 1966. Kenya yanatoka kwenye Sheria ya Majeshi ya Ulinzi ya mwaka 2012. Mtuhumiwa aelezwe shtaka kwa maandishi, asikie ushahidi, aseme upande wake, aite shahidi wake. Hukumu isizidi uwezo wa cheo cha anayehukumu. Usihukumu shauri ambalo wewe ndiye uliyekosewa. Usihukumu ukiwa na hasira. Mashauri mengi yanaweza kulala mpaka kesho asubuhi. Na yapo mambo ambayo kamanda wa platuni hana ruhusa ya kuyamaliza kifamilia: wizi wa silaha au risasi, kumjeruhi raia, kubaka, kumpiga mkubwa, utoro. Haya yanakwenda juu na kwa polisi jeshi siku hiyohiyo. Ukiyaficha ili platuni isichafuke jina, umekuwa mshiriki.

Adhabu ikiisha, imeisha. Askari aliyetumikia asikumbushwe kosa lake kila gwaride. Mpe kazi ya kuaminiwa ndani ya wiki mbili, na watu waione.

Sifa nazo zina kanuni: zitolewe hadharani, kwa jina, kwa kitu mahususi. "Koplo, seksheni yako imekabidhi lindo bila hata risasi moja kupungua kwa siku 30" ina uzito. "Mmefanya vizuri" haina.

Lindo na silaha

Nidhamu ya usiku ndiyo nidhamu yenyewe, kwa kuwa hakuna anayeona. Zamu ya saa mbili kazini na saa nne kupumzika inahitaji watu watatu kwa kila nafasi moja, sita kama mnasimama wawili wawili. Sehemu mbili za watu wawili ni askari 12, pamoja na mkuu wa lindo na msaidizi wake ni 14. Hiyo ni karibu nusu ya platuni. Kamanda anayepanga lindo hilo na siku inayofuata akawapeleka walewale kuchimba mahandaki, halafu akamkuta mmoja amelala saa tisa usiku, ajiulize kwanza yeye aliandika nini kwenye orodha ya zamu.

Kagua lindo bila ratiba, angalau mara mbili kwa wiki kati ya saa nane usiku na saa kumi alfajiri, muda ambao mwili huwa mzito kuliko wote. Ukisimamishwa kwa "Simama! Nani wewe?", simama kweli, inua mikono, jibu unavyotakiwa. Mlinzi anayemwacha kamanda apite kwa kuwa amemtambua kwa mwendo anatakiwa kusahihishwa, na anayemsimamisha vizuri apongezwe kesho yake mbele ya wenzake.

Kurudisha silaha kufanywe kwa mpangilio uleule kila mara, mtutu ukiwa kwenye pipa la mchanga: toa magazini, vuta kokeo (mpini wa kukoki), tazama na gusa chemba, achia, fyatua, weka usalama. Ajali nyingi hutokana na kubadilisha hatua mbili za mwanzo. Askari anavuta kokeo magazini ikiwa bado mahali pake, risasi ya kwanza inaruka nje, ya pili inaingia chemba bila yeye kujua, kisha anafyatua. Koplo asimame karibu aangalie kwa macho yake, mtu kwa mtu, hata mvua ikinyesha.

Dalili za platuni inayooza

Uasi na utoro haviji ghafla. Tazama idadi ya wagonjwa wa Jumatatu ikipanda. Tazama bwalo linalonyamaza ukiingia na kuanza kucheka ukitoka. Makoplo wanaacha kukuletea habari mbaya. Vifaa vidogo, mikanda, buti, mablanketi, vinaanza "kupotea", na mara nyingi nyuma yake kuna askari aliyebanwa na mkopo wa kausha damu anayeuza cha serikali ili alipe riba. Huyo mwite kabla hajafika kwenye risasi. Kaa naye na karatasi: anadaiwa na nani, kiasi gani, mshahara unabaki ngapi. Mpeleke kwenye chama cha akiba na mikopo cha kikosi kama kipo, na mwambie sajenti amtazame.

Ukiona dalili tatu kwa pamoja, usiongeze ukali kwanza. Zungumza na makoplo mmoja mmoja, si kwa pamoja, na uulize kitu kimoja: "Ungekuwa mimi, ungebadilisha nini wiki hii?"

Kazini, mbali na kambi

Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, yakaua raia, yakapora ng'ombe, magari na mali za wananchi, kisha yakalipua daraja la Mto Kagera. Jeshi linaloporomoka kwenye uporaji linakuwa na mzigo wa kubeba na kitu cha kupoteza. Mawazo ya askari yanarudi nyuma kwenye lori lenye bidhaa. Kampala, mji mkuu wa Amin, ilianguka mikononi mwa JWTZ na wapiganaji wa Uganda tarehe 11 Aprili 1979.

Kabla ya kuingia mahali penye raia, soma amri kuhusu mali na watu kwa sauti, siku hiyohiyo, hata kama ilisomwa wiki iliyopita. Seksheni ziingie nyumbani kwa watu zikiwa na koplo wao, kamwe si wawili wawili bila kiongozi. Mkitoka, mabegi yote yafunguliwe na ukaguzi uanze na begi lako. Kitu kilichochukuliwa kirudishwe na aliyekichukua, kwa mkono wake, mwenye mali akiwepo. Baada ya mapigano au kifo cha mwenzao, pumzisha watu kwanza, wale, walale kwa zamu, kisha ndipo uwape kazi ya kulinda mateka; askari aliyempoteza rafiki saa mbili zilizopita asiachwe peke yake na mateka.

Kukabidhi

Utakapohamishwa, mwachie anayekuja daftari lenye kurasa tatu: orodha ya vifaa mliyohesabu pamoja, malalamiko yaliyo wazi na tarehe ulizoahidi kuyajibu, na ratiba ya likizo ya miezi sita ijayo. Ahadi ulizotoa kwa mdomo ziandike pia, kila moja na jina la askari. Kisha mpitie pamoja gwarideni, mtu kwa mtu, umtajie mbele ya askari husika: huyu likizo yake ni Machi, nimemwahidi.